Uso wa Mama wa Binti Saa

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na baba mkwe kaingia leo leo. Sijui nilalamikie kipi kwanza.

Amekuja kwa ajili ya jicho. La kulia lilikufa zamani, na la kushoto limeingia mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na vivuli. Hospitali imempangia upasuaji katikati ya Mei, kwa hiyo mvua zote hizi tunaye. Mke wangu kampa chumba kilichopakana na karakana yangu kwa sababu hakina ngazi. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Nikipiga chafya ananiambia pole, nikiitikia ananiuliza kwa nini sijavaa sweta.

Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na mtu wa kazi ile nadhani hastaafu. Ananikagua mimi. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita mwanangu wala kunitaja kwa jina. Ananiita Fundi, utadhani nimepita tu kuchukua cherehani ya mtu na jioni nitaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Ameniuliza kama cherehani niliyomaliza leo nimeijaribu. Nikasema nimeijaribu. Akasema anaisikia inaruka mshono. Nimeijaribu tena. Inaruka mshono. Mzee huyu atanimaliza.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeumbuka, na sijawahi kuumbuka kwa raha namna hii.

Niandike ukweli: mimi na mvi zangu nasoma vitabu vya katuni. Kitabu chenyewe ni kimoja, *Binti Saa*, na nimekisoma tangu nikiwa na kaptula ya shule. Zamani kilitoka mara nne tano kwa mwaka, tangu mwaka juzi kinatoka kila baada ya wiki mbili. Nanunua kwa bwana wa kibanda cha magazeti, ambaye mtaa mzima unamwita Toleo Maalumu kwa sababu hajawahi kumuuzia mtu kitu cha kawaida. Matoleo yangu nayaficha ndani ya kasha la mbao la cherehani ya zamani. Mke wangu anajua, ila hunistahi.

Binti Saa ni mtoto wa fundi saa. Akibana pumzi, saa zote za mji zinasimama pamoja na watu na magari na maji ya bomba, na yeye peke yake anatembea. Akipumua, mambo yanaendelea. Anamtafuta mama yake aliyetoka kununua mafuta ya taa kwenye toleo la kwanza kabisa na hajarudi mpaka leo. Mimi nina desturi yangu: akibana pumzi, nami nabana, mpaka nifunue ukurasa anaopumua. Vile visanduku vya picha za saa zilizosimama havisomwi na mtu anayepumua, mimi naona ni kukosa adabu.

Basi leo nimekaa karakanani na toleo la mia moja tisini na saba, nimebana, nimefunua ukurasa, nimeshusha pumzi. Sauti ikatoka nyuma ya ubao.

"Fundi, leo kabania wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikajifanya sijasikia, nikagongagonga chuma. Mzee akaja akipapasa ukuta, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akarudia swali lake taratibu. Nikamwambia darajani. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeoneshwa tiketi halali.

Kumbe kazi yake ya mwisho kila siku ilikuwa kupita behewa kwa behewa treni ikishafika, kuangalia abiria wamesahau nini. Walisahau miavuli, walisahau viatu, na walisahau *Binti Saa*. Mwavuli aliupeleka ofisini. Kitabu alimpelekea mkewe. Walisoma mezani, wakirukaruka matoleo kwa kadiri abiria walivyosahau, na mkewe ndiye aliyeanzisha kubana pumzi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, yule mama mpole wa kitambaa cheupe! Tangu mkewe afariki, mzee hajasomewa, na jicho lenyewe ndiyo hivyo.

Miaka yote hii nikimuona mzee anaingia nasukuma kasha chini ya meza kwa mguu.

Jumapili, 16 Machi

Nimemsomea toleo zima. Kusoma si kazi, kazi ni kueleza picha. Anataka kujua nani amesimama upande gani, kivuli kinaangukia wapi, na mchoraji kachora mvua kwa mistari mirefu au mifupi. Tulipofika ukurasa wa mama akaniuliza, "Amegeuka?"

Nikamwambia bado, ametupa mgongo.

Hili ndilo jambo lenyewe. Tangu mwanzo mama wa Binti Saa anachorwa kwa nyuma. Tunajua kitambaa chake, kikapu chake, kisigino cha kiatu kilicholika upande mmoja. Uso hatujauona hata mara moja. Mzee na mkewe walibishana juu ya uso huo maisha yao yote. Mzee alisema lazima atakuwa mzuri wa kutisha, ndiyo maana anafichwa. Mkewe alisema hapana, atakuwa na sura ya mtu wa kawaida tu, na msichana atamfurahia hivyo hivyo.

Sasa kampuni inayochapa kitabu imetangaza kwamba toleo la mia mbili litauonesha. Linatoka tarehe ishirini na sita Aprili, kabla ya upasuaji. Na daktari amesema wazi kwamba haahidi kitu, nyuma ya jicho nako huenda kumechoka. Mzee amelipanga kichwani mwake kama ratiba ya treni. Nikimsomea mapema, basi jicho likifunguka ataangalia mwenyewe. Lisipofunguka, angalau atakuwa ameambiwa. Alilisema hilo bila huzuni yoyote, na huzuni ikanishika mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki hii halitoki toleo. Tumerudia ya zamani. Paa linavuja juu ya pasi.

Jumamosi, 29 Machi

Nina hasira, naandika nikiwa nimesimama.

Wiki mbili zilizopita tulimwacha Binti Saa katikati ya daraja linalokatika. Leo nafungua toleo la mia moja tisini na nane, yuko ng'ambo, mkono umefungwa bandeji, anakunywa chai. Chai! Chini ya ukurasa kuna maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa: ukitaka kujua yaliyotokea darajani, soma *Jeshi la Shaba*. Hilo ni gazeti lao jingine, la wanaume wenye misuli mpaka kwenye masikio. Nikarudi kibandani kwenye mvua. Toleo Maalumu alikuwa ameshanitengea, akaniambia hili ni maalumu. Nikasoma lote. Binti Saa yumo kwenye kurasa mbili, wanaume wanambeba kama gunia, naye anasema asanteni. Hakubana pumzi hata mara moja.

Nilimsomea mzee hivyo hivyo, nikitukana katikati. Alisubiri nimalize. Akasema huku ni kumkatia mtu tiketi ya kufika mwisho wa reli, halafu treni ikiwa imeshaondoka unamwambia behewa linalofika huko limefungwa kwenye treni nyingine. Enzi zake mtu angeshtakiwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mzee amenishikia taa nikifunga skrubu ndogo za bobini. Haoni, lakini anajua kushika taa. Mke wangu yeye hunimulika machoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Toleo la mia moja tisini na tisa. Limekonda, ukitoa matangazo ya soda na viatu kinabaki kipande cha hadithi kama mfuniko wa chupa. Lakini ukurasa wa mwisho ni mzuri, sitawanyima haki yao. Mlango mwembamba wa bluu. Mama kwa nyuma, mkono kwenye kitasa. Binti Saa amebana pumzi ili mama asiondoke.

Tukabana sote. Ukurasa wenyewe ni wa mwisho, hakuna wa kufunua, kwa hiyo kila mmoja alingoja mwenzake apumue kwanza, na hakuna aliyetaka kushindwa. Mke wangu akatoka kazini, akafungua mlango, akakuta baba yake na mumewe wamevimba mashavu, macho yamewatoka. Alitupa mkoba, akaanza kunipiga mgongoni akidhani nimekabwa na chakula. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa sauti nyembamba, kama ya mtoto.

Tulipomweleza, mke wangu akaokota mkoba wake. Kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo kulikuwa na jioni ambazo baba na mama walikuwa mezani, halafu ghafla ukimya mzito, hata pumzi haisikiki. Alikuwa anajifunika shuka kichwani akidhani wamegombana. Mzee akamwambia hapana mwanangu, tulikuwa tunasoma. Mke wangu akavuta kigoda akakaa nasi. Alimshika mkono baba yake muda wote ule, nami nilijifanya natafuta bisibisi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mzee ameniuliza kama picha ya mkewe imekaa sawa ukutani. Alikuja nayo kwenye begi na kuitundika mwenyewe juu ya kitanda. Kila asubuhi anaigusa fremu, basi. Nilikwenda kuinyoosha nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mama ana pengo meno ya mbele na kovu dogo linalokata nyusi ya kushoto. Anakaribia kucheka. Nadhani mpiga picha alichelewa kidogo, au aliwahi.

Nilikuwa nahesabu lini mzee ataondoka. Siku hizi sihesabu.

Jumamosi, 26 Aprili

Toleo la mia mbili halijatoka. Limeahirishwa "kwa maandalizi makubwa." Wamegawa bango. Mzee ameuliza bango lina nini. Mgongo.

Jumamosi, 3 Mei

Halijatoka. Bango jingine.

Usiku mzee hakulala vizuri. Asubuhi aliniuliza, kama anayeuliza habari za hewa, iwapo watu wa kampuni wanajua kwamba kuna wasomaji wenye miadi.

Jumamosi, 10 Mei

Limetoka. Naandika jioni, wenzangu wako jikoni.

Mvua ilikuwa ya mawe. Nilifika kibandani kabla hajafungua. Toleo Maalumu aliniwekea mezani vitu viwili, vyote vimefungwa nailoni usiweze kuchungulia. Cha kwanza kilikuwa toleo la mia mbili. Cha pili kiliandikwa *Binti Saa, Toleo la Kwanza*. Nikamwambia la kwanza ninalo tangu nikiwa mtoto. Akasema hili ni la kwanza jipya, hesabu imeanza upya, hadithi imeanza upya, wasomaji wapya wanaogopa namba kubwa. Hata yeye aliona aibu kidogo, alikuwa anafuta meza isiyo na kitu. Nikamuuliza uso uko wapi. Akasema nisome tu.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la vyombo, nikachana nailoni kwa meno. Binti Saa anafika kwenye mlango wa bluu. Anabana pumzi. Nami. Mama anaanza kugeuka, unaona ncha ya sikio, unaona shavu. Ninafunua ukurasa. Ukurasa mweupe, na katikati: *Mwanzo mpya! Uso umeufikia! Utazame kwenye jalada la Toleo la Kwanza.*

Nilibaki na pumzi yangu kifuani, sijui niitoe kwa nani.

Nikarudi kibandani. Toleo la kwanza jipya lina majalada manne. Ndani ni kitu kile kile, ila kila jalada lina mchoraji wake, na kila mchoraji kachora uso wake. Kwenye la kwanza mama anang'aa kama tangazo la sabuni. La pili amevaa shaba, ana misuli, ni askari. La tatu ana macho makubwa ya mwanasesere. La nne lina rangi ya dhahabu na hauuziwi mpaka uchukue yale matatu, na humo ana sura ya mwigizaji, kwa sababu wanatengeneza filamu. Ndani ya kitabu Binti Saa ni mtoto mdogo, mama yuko nyumbani anakaanga mayai. Hajawahi kwenda kununua mafuta ya taa. Hajawahi kupotea. Basi kumbe tulikuwa tunatafuta nini?

Nilinunua yote manne, mjinga mimi, nikidhani mmoja wao atakuwa ndiye.

Mzee alikuwa amekaa karakanani, amenyoa, amevaa shati la pasi. Nikamsomea la mia mbili, vizuri, bila haraka. Kwenye mlango wa bluu tukabana pumzi. Nikafunua ukurasa mweupe.

"Amegeuka?" akauliza.

Nikasema amegeuka.

"Anafananaje?"

Nilitandaza wale wanne mezani, na nailoni zao, nikawaangalia mmoja mmoja. Hapakuwa na hata mmoja ambaye mtu angemngoja maisha yake yote. Jumanne anapasuliwa. Nikamwambia samahani Baba, dirisha la chumba chako liko wazi, mvua inaingia, ngoja nifunge. Nikaenda chumbani kwake, nikasimama mbele ya picha ya ukutani, nikarudi, nikakaa.

Nikamwambia ni mtu wa kawaida tu. Ana pengo meno ya mbele. Nyusi ya kushoto ina kovu dogo. Kitambaa kimerudi nyuma kidogo, nywele za mbele zina mvi. Anamtazama mtoto wake kama mtu aliyeitwa akiwa anawaza jambo jingine.

Mzee alisogeza kigoda chake karibu. Akauliza kama anacheka. Nikasema anakaribia.

Akasema ahsante, Fundi. Akanyanyuka akaenda kulala, na chakula hakula. Yale majalada nimeyatia kwenye kasha, nimeweka chuma cha pasi juu yake. Kama jicho likifunguka atayaona, na ataniona mimi ni mtu gani. Nalitaka lifunguke. Naliogopa. Yote mawili.

Jumanne, 13 Mei

Wamempasua. Mke wangu amelala hospitali naye. Nyumba haina anayenikagua. Nimeijaribu cherehani ile ile mara tatu.

Jumatano, 14 Mei

Nesi alifungua bandeji mbele yetu. Mimi na mke wangu tulibana pumzi bila kuambizana. Mzee akapepesa, akageuza kichwa huku na huku, akanikuta.

"Umezeeka, Fundi," akasema.

Mke wangu alilia pale pale, akimkumbatia. Anaona. Katikati tu, pembeni bado giza, na daktari amesema hapo ndipo mwisho wake. Lakini anaona.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya ukutani. Alisimama hapo kitambo. Kisha akaja karakanani, akaondoa chuma cha pasi, akafungua kasha. Analijua kwa mlio wa bawaba. Aliyapanga majalada manne mezani na kuyainamia moja moja, pua inakaribia kugusa karatasi. Masikio yalinichoma. Nilitamani niwe na cherehani ya mteja mwenye haraka, nijishughulishe nayo.

"Kati ya hawa, uliyenisomea ni yupi?"

Nikamwambia hayumo.

Akasema alijua siku ile ile. Alisikia nailoni nyingi kuliko ya kitabu kimoja. Na dirisha la chumba chake alikuwa amelifunga mwenyewe asubuhi, akakaza na komeo.

Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja, vile alivyokuwa akizuia abiria anayetafuta tiketi mfukoni kwa wasiwasi. Akasema, "Nilikuacha useme. Nilitaka kumsikia."

Nilimvutia kigoda. Nampenda mzee huyu. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 17 Mei

Jua limetoka. Mzee anaondoka kesho kwa treni ya asubuhi, begi liko mlangoni, picha imeshafungwa kwenye shuka. Mke wangu amembembeleza akae. Amesema ana nyumba yake na sasa anaiona.

Nilipopita kibandani Toleo Maalumu aliniita, limetoka la pili, wiki mbili hata hazijafika, majalada sita. Nikampungia mkono, nikapita.

Jioni mzee akaja na kigoda chake. "Leo ni Jumamosi," akasema. "Soma la mia mbili na moja."

Nikamwambia halipo.

"Najua. Soma."

Nikatafuta kitu cha kushika, maana sijui kusoma mikono mitupu. Nikachukua kitabu cha maelekezo ya cherehani, chenye michoro ya bobini na magurudumu. Mke wangu akaja akifuta mikono, akakaa kati yetu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma kwamba mama amegeuka, na ni mtu wa kawaida, ana pengo. Ameshika chupa ya mafuta ya taa. Anamwambia mwanawe duka lilikuwa mbali. Anataka kwenda zake tena, na Binti Saa anaona mkono wake unarudi kwenye kitasa, basi anavuta hewa, anabana, na saa zote za mji zinasimama.

Mzee akabana. Mke wangu akabana. Nami nikabana, nikashika ncha ya ukurasa kwa vidole viwili, na sikuufunua.